KUZITAMBUA NYOTA ZA UPANDE WA KASKAZINI



Katika nchi ya Kenya jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja ya jioni, siku zote za mwaka, na baada ya hapo nchi hukaa gizani karibu saa kumi na mbili. Mtu aliye mjini, penye taa na barabara zenye majina, haoni taabu kwa giza hilo. Lakini mchungaji aliyepotewa na ngamia zake huko Marsabit, au mvuvi ambaye mashine ya chombo chake imekufa mbali na pwani ya Lamu, huwa na swali moja tu moyoni mwake: Kaskazini ni wapi? Akikosea jibu, kila hatua humtenga na kisima, na kila pigo la kasia humtenga na nchi kavu.

Jibu la swali hilo liko juu ya kichwa chake. Halihitaji dira, wala betri, wala fedha. Lataka macho tu, na maarifa kidogo ambayo hata mtoto wa shule aweza kuyapata katika majuma machache. Mazungumzo haya yaeleza makundi ya nyota yanayojulikana sana upande wa kaskazini, na namna ambavyo kila moja laweza kumwonyesha mtu njia.

KWA NINI NYOTA ZILIPEWA MAJINA

Usiku usio na mwezi, mahali pasipo taa, mtu aweza kuona nyota elfu mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Hakuna awezaye kuzikumbuka moja moja. Kwa sababu hiyo watu wa kale waliziunganisha kwa mafungu, wakaona katika mafungu hayo sura za wanyama, watu na vyombo vya nyumbani. Ptolemy, mwanachuoni aliyeishi Iskandaria katika nchi ya Misri yapata mwaka 150, aliandika habari za makundi 48. Waarabu waliipokea elimu hiyo wakaikuza, na ndiyo maana nyota nyingi zingali zaitwa kwa majina ya Kiarabu ulimwenguni kote. Mwaka 1922 wataalamu wa mataifa mengi walikubaliana juu ya makundi 88, na hayo ndiyo yatumikayo hata leo.

Mtu hana haja ya kuyajua yote 88. Akijua matano au sita vizuri, yaliyobaki atayafikia kwa kupita kutoka moja hadi jingine, kama mgeni ajifunzavyo mji kwa kuanzia sokoni.

UPAWA WA NYOTA SABA

Kundi la kuanzia ni lile la nyota saba ambalo kila taifa limelipa jina lake. Waingereza huliita plau, kwa kuwa laonekana kama plau ya kulimia. Wamarekani huona upawa mkubwa wa kuchotea mchuzi. Waarabu waliona jeneza lililochukuliwa mbele, na mabinti watatu waombolezao wakilifuata nyuma. Wahindi husema ni wazee saba wenye hekima. Nyota hizo saba ni sehemu tu ya kundi kubwa zaidi liitwalo Dubu Mkubwa. Na moja kati yake yaitwa Dubhe, kwa neno lile lile la Kiarabu ambalo katika Kiswahili limekuwa dubu.

Kwa msomaji wa Kenya jina la Upawa ndilo jepesi kushika. Nyota nne hufanya bakuli, na tatu hufanya mpini uliopinda kidogo. Wakati mzuri wa kuutazama hapa Kenya ni mwezi wa Aprili, Mei na Juni, yapata saa tatu za usiku. Mtu akiukabili upande wa kaskazini atauona Upawa umepinduka, kinywa cha bakuli kikielekea chini kama chombo kinachomwagwa maji. Bakuli huwa upande wa kushoto na mpini upande wa kulia. Usidhaniwe kuwa mdogo: kutoka mwisho wa mpini hadi ukingo wa bakuli ni karibu ngumi mbili na nusu, mkono ukiwa umenyoshwa mbele ya uso.

Nyota ya katikati ya mpini yaitwa Mizar. Mwenye macho mazuri akiitazama sana ataona kuwa kando yake iko nyota nyingine ndogo, iitwayo Alcor. Tangu zamani nyota hizo mbili zilitumika kuwapima watu nguvu ya macho, na hata leo vijana waweza kushindana kwa jambo hilo bila gharama yo yote.

NYOTA ISIYOHAMA

Sasa tazameni nyota mbili za ukingo wa bakuli, zile zilizo mbali kabisa na mpini. Hizo ndizo Viongozi. Mtu apige mstari kwa mawazo kutoka nyota ya juu kupita ile ya chini, kisha auendeleze mstari huo mara tano kama nafasi iliyo kati ya nyota hizo mbili. Mahali atakapofika ni pa Nyota ya Kaskazini, ambayo wanafalaki huiita Polaris.

Nyota hiyo si kubwa kwa macho kama watu wengi wadhanivyo. Ziko nyota zaidi ya arobaini zinazoipita kwa mwangaza. Sifa yake ni nyingine: haihami. Dunia huzunguka kama pia, na kwa sababu hiyo nyota zote huonekana zikitembea kutoka mashariki kwenda magharibi. Lakini Nyota ya Kaskazini iko karibu sawasawa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia, pungufu ya digrii moja kutoka mahali penyewe, hata huonekana kama msumari uliopigiliwa ambao nyota nyingine zote zauzunguka.

Tena ina faida ya pili. Urefu wake juu ya upeo wa macho, ukipimwa kwa digrii, ni karibu sawa na umbali wa mtu kutoka mstari wa ikweta. Mtu aliye London huiona kwenye digrii 51, yaani zaidi ya nusu ya njia kufikia utosini. Aliye Cairo huiona kwenye digrii 30, na aliye Maskati kwenye digrii 23. Kwa hiyo nyota moja humwambia msafiri mambo mawili: upande wa kaskazini ulipo, na jinsi alivyokwenda mbali.

Je, hapa Kenya? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mstari wa ikweta wapita katikati ya Kenya, karibu na Nanyuki. Nairobi, Mombasa, Malindi na Lamu zote ziko kusini ya mstari huo, na huko Nyota ya Kaskazini haionekani, kwa kuwa imefichwa na ardhi yenyewe. Hata Moyale, mpakani mwa Ethiopia, huwa juu ya upeo kiasi cha vidole viwili tu, nayo huzimwa mara nyingi na vumbi na ukungu. Mtu wa Nairobi aonaye nyota kali upande wa kaskazini akasema, "Hiyo ndiyo Nyota ya Kaskazini," ameshika nyota nyingine, na akiifuata itampeleka asikotaka.

Lakini hasara hiyo ina fidia. Nyota imejificha, ila Viongozi hawakujificha. Mstari wao ushukapo chini hufika kwenye upeo wa macho, na pale ugusapo ardhi ndipo kaskazini. Hata saa zipitapo na Upawa ukainama kuelekea magharibi, mstari hauachi kuelekea mahali pale pale.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa London hataliona nyumbani kwake maisha yake yote. Katika usiku wa mwezi wa Mei, wakati Upawa ulipo juu upande wa kaskazini, mtu wa Kenya akigeuka nyuma huuona Msalaba wa Kusini umesimama upande wa pili, karibu kwa kimo kile kile. Mti mrefu wa Msalaba huo, ukiendelezwa chini mara nne na nusu, hufika kwenye upeo mahali pa kusini. Basi mtu huyo amesimama kati ya mashahidi wawili. Kaskazini iko mbele yake, kusini nyuma yake, mashariki mkono wake wa kuume, na magharibi mkono wake wa kushoto. Shahidi mmoja akifunikwa na wingu, wa pili hutosha.

SAFARI ILIYOANZA MALINDI

Wenyeji wa pwani walijua mambo haya kabla ya dira kuwa kitu cha kawaida. Vyombo vilivyokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi viliongozwa usiku kwa nyota. Manahodha Waarabu waliiita Nyota ya Kaskazini Al-Jah, na Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliandika kitabu kizima juu ya elimu ya kusafiri baharini, na ndani yake nyota zina nafasi kubwa.

Chombo chao cha kupimia kiliitwa kamal. Kilikuwa kibao kidogo cha pembe nne, chenye uzi uliopitishwa katikati na kufungwa mafundo. Nahodha aliuma fundo kwa meno, akaunyosha uzi, akasogeza kibao mpaka ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu ukagusa nyota. Kila fundo lilikuwa kipimo cha bandari fulani. Alipoona kwamba nyota imefika kwenye kimo cha bandari aendayo, alijua kuwa amekwenda kaskazini vya kutosha. Kilichobaki ni kugeuza chombo kuelekea nchi kavu.

Habari moja ya mwaka 1498 yaonyesha jambo hili waziwazi. Tarehe 24 Aprili mwaka huo Vasco da Gama, Mreno, aliondoka Malindi kwenda Bara Hindi, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Mmoja wa watu waliokuwa safarini aliandika habari za siku baada ya siku. Katika maandishi yake ametaja kwamba siku ya Jumapili, baada ya mwendo wa siku tano, waliiona tena Nyota ya Kaskazini, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Wareno hao walikuwa wameipoteza walipovuka ikweta katika bahari ya Atlantiki mwaka uliotangulia. Kurudi kwa nyota ile kuliwajulisha kwamba wameiacha nusu ya kusini ya dunia. Yapata tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut.

NYOTA YA WALIOTAFUTA UHURU

Katika Marekani nyota hiyo hiyo iliwaokoa watu wa asili ya Afrika. Kabla ya mwaka 1865 utumwa ulikuwa halali katika majimbo ya kusini ya nchi ile. Mtumwa aliyetoroka hakuwa na ramani, na mara nyingi alikuwa amekatazwa kujifunza kusoma. Alisafiri usiku na kujificha mchana, naye alijua neno moja: kwamba uhuru uko kaskazini. Harriet Tubman, aliyetoroka Maryland mwaka 1849, alirudi kusini mara kwa mara, yapata safari 13, akawatoa watu kama 70, na Nyota ya Kaskazini ilikuwa miongoni mwa viongozi wake. Frederick Douglass, ambaye naye alitoroka utumwani mwaka 1838, alianzisha gazeti katika mji wa Rochester mwaka 1847, akaliita kwa jina la nyota hiyo. Watu waliolisoma hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

WAKATI UPAWA USIPOONEKANA

Katika Uingereza Upawa hauzami kamwe. Katika Kenya huzama, na kuanzia mwezi wa Septemba hadi Januari hauonekani jioni. Basi yafaa mtu awe na viongozi wengine wa miezi hiyo.

Oktoba na Novemba, saa tatu za usiku, juu angani huwa nyota nne zilizofanya mraba mkubwa, na ndani yake karibu ni patupu. Huo ni Mraba wa Pegasus, yaani farasi mwenye mabawa. Pande zake mbili zinazotoka kusini kwenda kaskazini zaelekea moja kwa moja kwenye ncha ya kaskazini. Upande wa mashariki ukiendelezwa kwenda kaskazini hufika kwenye kundi la nyota tano liitwalo Cassiopeia, ambalo mwezi wa Novemba na Desemba huonekana kutoka Kenya kama herufi M. Cassiopeia na Upawa ziko pande mbili zinazokabiliana za Nyota ya Kaskazini, kama watoto wawili juu ya pembea moja: mmoja apandapo, mwenzake hushuka. Kwa hiyo mtu akiukosa Upawa, na aitafute M.

Januari na Februari ni zamu ya Orion, mwindaji, ambaye Waarabu walimwita Jabari. Nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja ni mshipi wake, nao hupita karibu na utosi wa mtu aliye Nairobi. Nyota mojawapo ya mshipi huo, iitwayo Mintaka, iko karibu sawasawa juu ya ikweta. Kwa sababu hiyo, popote duniani ionekanapo, huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Tena mstari uliotoka nyota ya katikati ya mshipi, ukapita kati ya mabega mawili ya mwindaji, huelekea kaskazini, ukiiacha nyota kubwa iitwayo Capella kidogo upande wa kushoto.

Mshipi huo ukifuatwa kuelekea upande wa kusini-mashariki hufika kwenye Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku. Ukifuatwa upande wa kaskazini-magharibi hufika karibu na nyota nyekundu Aldebaran, na mbele yake ni Kilimia. Hapa hapana haja ya maelezo mengi, maana Kilimia kilijulikana na wakulima wa Afrika ya Mashariki zamani sana, na jina lake latokana na kulima. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Mei hupotea katika mwanga wa jua, na mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri upande wa mashariki.

Agosti na Septemba hutawaliwa na nyota tatu kubwa zilizofanya pembetatu: Vega, Deneb na Altair. Altair hupita karibu na utosi, na Vega na Deneb ziko upande wa kaskazini wake. Deneb ni kichwa cha Msalaba wa Kaskazini, ambao ni mkubwa kuliko ule wa Kusini.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kuna mianga ya angani ambayo humdanganya asiyejua. Zuhura na Mshtarii hung'aa kuliko nyota yo yote, lakini hizo ni sayari, na sayari huhama kutoka kundi moja hadi jingine. Dalili yake ni kwamba nyota humetameta, bali sayari hutoa mwanga uliotulia. Taa itembeayo polepole mbinguni bila sauti ni satelaiti iliyorushwa na wanadamu. Wala asichague mtu nyota iliyo karibu na upeo upande wa mashariki akaifuata usiku kucha, kwa maana nyota huhama kiasi cha digrii 15 kila saa. Atakayeifuata atapinda njia bila kujijua. Njia iliyo salama ni kuutafuta upande wa kaskazini kwa Viongozi, kisha kuchagua mti au kilima kilicho upande huo, kukiendea, na hapo kupima tena.

Yafaa pia kukumbuka kwamba nyota huchomoza mapema kwa dakika nne kila siku. Kundi lililoonekana saa tatu za usiku leo, baada ya mwezi mmoja litakuwa mahali pale pale saa moja. Ajuaye hilo hana haja ya kuambiwa tena majira ya kila kundi, atayahesabu mwenyewe.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Elimu hii haipatikani kwa kusoma tu. Mtu na atoke nje usiku ambao mwezi haujachomoza, aondoke penye taa, akae gizani dakika ishirini ili macho yazoee. Mara ya kwanza atafute kundi moja tu, kesho yake alitafute tena, na asiongeze la pili mpaka la kwanza limekuwa kama uso wa ndugu yake. Baada ya mwaka mmoja atakuwa ameziona nyota zote zilizotajwa hapa, kwa maana mtu wa ikweta hunyimwa nyota chache sana.

Wazazi na walimu wafanye hivyo pamoja na watoto wao. Wazee wengi wa bara na wa pwani wana majina yao wenyewe ya nyota, na wanajua ni ipi iliyowaambia wakati wa kupanda, wa kuhama na mifugo, au wa kuteremsha chombo majini. Vijana na wawaulize na kuyaandika majibu yao, kwa kuwa taa za umeme zinazidi kuongezeka, na mtu asiyeziona nyota hana sababu ya kuyakumbuka majina yake. Na kijana aliyefundishwa mambo hayo akipatwa na usiku mahali asipopajua, hatakimbia huku na huku. Atasimama, atatazama juu, kisha atakwenda.